Nyumba ya Kutazamwa kutoka Juu

Ng'ombe wa mama yangu mdogo alikuwa na doa jeupe mgongoni. Ukimtazama kwa ubavu uliona weupe tu umechuruzika kushoto na kulia, kama mtu aliyemwagiwa uji. Umbo lake nililigundua mimi, siku ya kwanza niliporusha droni pale kwake Kemambo. Kutoka juu lile doa lilikuwa pasi. Pasi ya mkaa kabisa, pamoja na kishikio chake. Nilimwonyesha mama mdogo kwenye simu, akacheka mpaka akaketi chini.

"Kumbe miaka yote namkamua mwenye pasi," alisema, "na gauni langu limejikunja hivi."

Naanza na siku hiyo kwa sababu ilikuwa nzuri. Zilizofuata niliziharibu mwenyewe, na hasira niliyo nayo sina pa kuipeleka.

Huyu ni mdogo wake mama yangu mzazi. Alinichukua nikiwa darasa la pili mama alipofariki, akanisomesha mpaka kidato cha nne kwa maziwa na ndizi, na sasa ananilelea binti yangu. Ndiyo maana simwiti mama mdogo. Namwita Mama. Baba wa mtoto yuko upande wa Kenya, anajifanya hana simu, na sitamtaja tena humu maana hastahili wino.

Mimi napanga chumba Nyamwaga na nafanya kazi stesheneri, natoa kopi na kuchapa barua za watu. Droni nilipewa na binamu yangu wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, anayepiga picha za harusi. Alikuwa amenunua mpya, akanipa ya zamani yenye ufa pembeni.

"Hii kitu iko sawa kabisa," aliniambia. "Haina maneno. Wewe rusha tu. Ikianguka, okota."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu. Mengine nilijifunza mwenyewe juu ya migomba ya Nyamwaga, na mara mbili niliokota kweli. Kibali nilikifuatilia mpaka soli za viatu zikaisha, na masharti yake nayajua: hifadhini hurushi, juu ya mgodi hurushi. Sijawahi. Nasema hivyo mapema kwa sababu kuna watu wanapenda kusikia kwamba nilivunja sheria. Sikuvunja sheria yoyote. Nilichovunja ni kingine.

Dalali wa viwanja alinikuta palepale kwenye mashine ya kopi. Alikuja na karatasi za mauziano, akaona droni imekaa juu ya boksi la karatasi ikichajiwa.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Unajua kuirusha au ni pambo?"

Nilimrushia nje ya duka. Akatazama kwenye simu mabati ya Nyamwaga yote, akatikisa kichwa. Alisema wateja wa Mwanza na Dar hawaji tena kukanyaga shamba kabla ya kulipenda. Wanataka walione kwenye simu wakiwa wamelala kitandani. Yeye ataleta kazi, mimi nipige kutoka juu, yeye aweke kwenye makundi ya wasapu. Nikakubali hata kabla hajamaliza. Tangu nizae nilikuwa nasubiri mtu aniulize swali lisilohusu mtoto.

Kazi yenyewe ina tatizo ambalo huwezi kulijua ukiwa chini. Kutoka juu shamba halina mwanzo wala mwisho. Mahindi ya huyu yanaingia kwenye mahindi ya yule, mkonge wa mpakani unaonekana kama nyasi tu, na mteja anauliza, "Sasa ninachonunua ni kipi hapo?" Nilifikiria jambo hilo siku nzima nikitoa kopi. Halafu nikapata jibu langu mwenyewe, sikufundishwa na mtu: chokaa. Naenda na mfuko wa chokaa, kila kona ya eneo nachora msalaba mkubwa chini, halafu narusha. Picha ikitoka, misalaba minne inang'aa, na hata mtoto anaona shamba linaanzia wapi. Dalali alifurahi sana. Akaniletea na kikoti cha rifrekta, kile cha rangi ya chungwa chenye mistari inayong'aa.

"Vaa hiki," alisema. "Ukienda na hilo gauni watu watadhani umekuja kuchuma mboga."

Nikavaa. Nikajiona.

Sasa Kemambo iko jirani na mgodi wa dhahabu, na kwa msomaji wa mbali lazima nieleze neno moja. Mgodi unapotaka eneo, huja watu wa tathmini. Wanavaa rifrekta, wanaweka alama, wanaandika kila wanachokikuta juu ya ardhi, nyumba, mti, hata kaburi, na mwenye ardhi analipwa fidia kwa vilivyokutwa. Basi watu wetu wana kitu wanachokiita kutegesha. Ni kuweka kitu kwenye ardhi ili kikutwe. Panya unamtega kwa dagaa. Mthamini unamtega kwa nyumba. Mtu anapanda miche imebanana mpaka haiwezi kupumua. Mtu anajenga nyumba ambayo hana nia ya kulala ndani yake hata usingizi wa mchana, na anaifunga kufuli ili ionekane ina mwenyewe. Nimekua na neno hilo masikioni. Tulicheza mchezo wake tukiwa watoto: mmoja anakuwa mthamini, wengine tunachomeka vijiti ardhini haraka haraka kabla hajageuka.

Niliyajua yote hayo. Bado nilikwenda Kemambo nimevaa rifrekta, nikachora misalaba ya chokaa kwenye kona za shamba la jirani yake Mama, shamba la kawaida tu ambalo mwenyewe yuko Mwanza na anataka kuliuza, nikarusha chombo kinachovuma juu ya vichwa vya watu, nikakusanya vitu vyangu, nikapanda pikipiki nikaondoka. Hata ungetaka kuwadanganya watu wa Kemambo kwa makusudi, usingeweza kupanga vizuri zaidi.

Niliporudi Jumapili iliyofuata kumwona mtoto, nilikuta miche ya mikaratusi imepandwa mpaka mlangoni mwa choo cha watu. Mzee mmoja alikuwa anachimba mashimo ya nguzo na rozari yake bado shingoni. Nikacheka. Kweli nilicheka, nikamwambia dereva wa pikipiki, "Hawa nao wameanza." Sikujiuliza wameanzishwa na nani.

Nilikuwa nimekaa kwenye kivuli cha jiko la Mama, mtoto mapajani, kikombe chake cha maziwa mkononi, walipokuja wanawake watatu wa jirani. Mmoja wao lazima nimweleze. Nilipopata mimba, alisimama nje ya kanisa akasema kwa sauti ya kila mtu, "Huyu ndiye mliyesema atakuwa daktari." Sikuwahi kulisahau neno hilo. Siku hiyo alikuja na mkungu mdogo wa ndizi mbivu, akanisogezea kigoda changu mwenyewe kana kwamba mimi ndiye mgeni.

"Injinia," alisema, "kaa vizuri. Utaumia mgongo."

Injinia. Mimi, mtoa kopi.

Wakazungumza habari za mvua, wakazungumza habari za mtoto amekua, wakanisifu ngozi. Nilijua wanachokitaka. Wao hawakuthubutu kuuliza. Aliyeuliza ni Mama, kwa sauti ya chini, akiwa ameshika ndoo ya kukamulia.

"Mwanangu, ni kweli? Ile chokaa ni ya fidia?"

Jibu lilikuwa fupi. Hapana, Mama, ni picha za dalali. Mtoto wa chekechea angeweza kulisema. Lakini yule mwanamke alikuwa ananitazama, ameinamisha kichwa kidogo kama anayesubiri kubatizwa, na mimi nikamtazama yeye badala ya kumtazama Mama.

"Mama," nikasema, "mimi siwezi kusema mambo ya kazi."

Walitazamana wote watatu. Halafu yule wa kanisani akashusha pumzi, akasema taratibu, "Tumeelewa." Wakaaga, wakaondoka kwa haraka kuliko walivyokuja. Mama aliinua ndoo yake. Alikwenda kukamua. Nilimsikia akimsemesha ng'ombe Kikurya, kama kawaida yake, na mimi nikabaki pale nikila ndizi mbivu, na ndizi hizo zilikuwa tamu. Sitasema uongo. Zilikuwa tamu sana.

Nyamwaga nilimsimulia dalali kama kichekesho.

"Wewe nyamaza," alisema. "Ukikanusha ndiyo watazidi kuamini. Halafu ardhi ikichangamka, sisi tunalala njaa?"

"Mama yangu mdogo yuko pale."

"Si umwambie yeye peke yake?"

Ni kweli, ningeweza. Simu ninayo, namba yake naijua kwa moyo. Nilisema nitamwambia nikienda. Halafu wakaanza kunipigia watu wa Kemambo wenyewe, wanataka picha za maeneo yao kutoka juu, eti wawe nazo wakiulizwa. Nikawapigia hizo picha. Kila mmoja nilimwambia, "Hizi ni picha tu," na kila mmoja alinikonyeza. Nilijiambia nimewaambia.

Wiki hizo Mama alinipigia mara moja. Mashine ilikuwa imekwama karatasi, wanafunzi wamepanga foleni, simu nimeibana kwa bega.

"Mwanangu, bati lipi linapendeza likitazamwa kutoka juu? La rangi au hili jeupe?"

"Jeupe, Mama. Jeupe linang'aa."

"Haya. Asante."

Nilidhani anaezeka jiko. Hivyo ndivyo ninavyowaambia watu, na hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini nani anaezeka jiko akauliza linavyotazamwa kutoka juu?

Nilipokwenda tena nilianza kuiona nyumba nikiwa bado barabarani. Bati jipya linapiga jua mpaka unafumba macho. Ilikuwa imesimama pale mahali ng'ombe alipokuwa anafungwa mchana. Kwa juu ilikuwa nyumba ya mtu mwenye uwezo, paa la migongo miwili, limenyooka. Kwa chini ilikuwa fito na udongo uliopakwa mara moja kwa haraka, unaona mwanga upande wa pili. Haina sakafu. Dirisha moja, limezibwa na gunia. Mlango una kufuli kubwa. Kamba ya ng'ombe ilikuwa imetundikwa kwenye mti.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeiona?"

"Ng'ombe yuko wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye paa. "Yule pale. Anang'aa."

Alikuwa anatabasamu. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na haikuwa Jumapili. Nilikuja kugundua kwamba siku hizo alilivaa kila aliposikia mvumo wowote angani, hata wa nyuki. Binti yangu alikuja ananikimbilia na kikombe chake. Ndani yake mlikuwa na chai ya rangi.

Nilimwambia palepale. Sikukaa hata chini. Nilimwambia hakuna tathmini, hakuna mgodi, hakuna fidia, chokaa ni yangu, nainunua dukani, naichora ili mnunuzi wa Mwanza aone kona za shamba. Rifrekta nimepewa na dalali. Nilisema kwa haraka na kwa ukali, kama yeye ndiye aliyekosa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanigusa mkono.

"Umeambiwa useme hivyo," alisema.

"Nani aniambie, Mama?"

"Mambo ya kazi. Sikulaumu. Ukisema kweli watakufukuza, na mtoto huyu atakula nini?"

"Mama, nakuapia."

"Usiape. Ulishasema siku ile mbele ya watu, na waliokuwepo wote walielewa. Leo umetumwa useme hivi. Mimi nitanyamaza, usiogope."

Alinikonyeza. Mama yangu, ambaye sijawahi kumwona akimkonyeza mtu maishani mwake.

Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Niligombana. Nilimwita mjinga. Nikamwita jina hilo mbele ya mtoto, nyuma ya nyumba aliyoijenga kwa kuniamini mimi, na yeye akaenda kunipikia ugali, akaukuta hauna maziwa ya kuteremshia, akaniletea na maji ya moto yenye chumvi akiomba radhi.

Nikarudi Nyamwaga. Kwa kuwa sikuweza kuivunja nyumba, nikaamua kumtafuta ng'ombe. Dalali anawafahamu watu wa minada, na hilo alinisaidia, namshukuru kwa hilo moja. Aliyemnunua alikuwa mzee wa Kisaka, wilaya ya Serengeti. Nikaomba ruhusa stesheneri, nikapanga droni na mfuko wa chokaa kwenye begi, nikavuka Mto Mara kwa pikipiki. Njia nzima nilikuwa natunga uongo, maana huwezi kwenda kwa mtu usiyemjua ukamwambia nimekuja kumwangalia ng'ombe wako. Nikafika nikajidai nimesikia ana eneo la kuuza. Kumbe kweli alikuwa nalo, kipande cha kando ya barabara.

"Nani alikuambia?"

"Watu wanasema, Baba."

"Watu wa huku wanasema sana," alisema. Lakini alinipa kiti na uji, na akanionyesha mipaka.

Nikachora misalaba yangu minne. Nikarusha. Wakati naizungusha droni juu ya eneo lake, ng'ombe waliingia kwenye kioo kutoka upande wa mihogo, migongo mingi ya kahawia na nyeusi, halafu pasi. Nilikuwa nimesimama na rimoti mikononi, nikaacha kuibonyeza. Droni ikabaki inaning'inia palepale. Alikuwa anakula nyasi karibu kabisa na msalaba wa chokaa. Ubavuni mwake palikuwa na kitu kidogo chenye miguu mirefu. Alikuwa na mimba alipouzwa. Hata hilo Mama hakuniambia.

Nikamweleza mzee ukweli wote. Nilisema nitampigia picha bure, nitampigia na za ndugu zake, nitamlipa kidogo kidogo, amrudishe. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema:

"Binti yangu, huyu nimeshamtenga kwa mahari ya kijana wangu. Wakwe walikuja wakawapitia ng'ombe wote hapa uani, mmoja mmoja, na huyu ndiye waliyempenda. Nikimpunguza, nitawaambia nini? Kwamba kuna mama wa Kemambo analia?"

"Halii, Baba."

"Basi wewe ndiye unayelia."

"Na ndama?"

"Anaenda na mama yake. Walimwona."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Hakuwa mtu mbaya. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya.

Picha ile nilikaa nayo. Kuna siku niliifuta, nikaitoa tena kwenye kapu la takataka la simu. Nilijua nikimwonyesha nitamuumiza. Nikajua pia kwamba kila ninapokaa kimya ndipo mambo yanapoharibika, maana kimya changu ndicho kilichojenga ile nyumba. Jumamosi nikaenda. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Sikutoa hotuba. Nikampa simu.

Alijikinga jua kwa kiganja. Akaisogeza simu karibu na macho.

"Ndiye," alisema.

"Ndiye."

"Amezaa."

"Amezaa, Mama."

"Jike?"

"Jike."

Alisogeza picha kwa kidole, kama nilivyomfundisha, akakikuza kichwa cha ng'ombe, akamkuza ndama. Akasema wanamfunga kamba fupi, shingo imechubuka. Halafu kidole chake kikasimama.

"Hii nini?"

"Chokaa."

"Chokaa yako?"

"Yangu."

"Huku ni wapi?"

"Kisaka."

"Kisaka kuna mgodi?"

"Hakuna, Mama. Kuna mihogo na ng'ombe. Yule mzee anauza eneo, nikamchorea kona."

Aliendelea kutazama ule msalaba mweupe na ng'ombe wake anayekula pembeni yake. Ungo ulikuwa bado mapajani. Niliona anavyoufikia ukweli, hatua kwa hatua, na sikuwa na namna ya kumzuia. Kiapo changu hakikumfikisha, matusi yangu hayakumfikisha. Alifikishwa na mfuko wa chokaa uliomwagwa mahali pasipo na mgodi.

"Kwa hiyo siku ile nilipokuuliza," alisema, "hakukuwa na kitu."

"Hakukuwa na kitu."

"Ulinyamaza kwa nini?"

Ningeweza kusema dalali. Ningeweza kusema kazi.

"Kwa sababu ya yule aliyesema habari za daktari," nilisema. "Nilitaka aendelee kunisogezea kigoda."

Mama alinirudishia simu. Akainuka, akapukuta pumba kwenye gauni, akaingia ndani akatoka na ufunguo. Alifungua lile kufuli la nyumba mpya, akasukuma mlango. Harufu ya udongo mbichi ikatoka.

"Lete vitu vyako kutoka Nyamwaga," alisema. "Nyumba hii umejenga wewe. Utalala wewe."

"Na kazi yangu?"

"Si una pikipiki za kupanda? Utakwenda na kurudi. Mtoto atalala na mama yake. Na udongo wa kukandika uko kule bondeni, unapajua."

Hakupandisha sauti. Sikubishana. Nilihamia. Mvua ya kwanza ilinikuta humo, na paa halikuvuja hata tone, maana ni bati zuri, jeupe, ng'ombe mzima yuko pale juu. Maji yaliingia kwa ukutani, kwa upande, mahali ambapo hakuna aliyetazama wakati wa kujenga. Nikasimama nimembeba mtoto kwenye kona kavu, na hasira imenijaa, na mwenye kustahili hasira hiyo alikuwa amesimama kwenye viatu vyangu.

Asubuhi nikaanza kukandika. Nilikanyaga udongo kwa miguu, nikachanganya na majani, nikapiga ukuta kwa kiganja kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo. Mama alikuwa anapita na ndoo ya maji, ananimiminia bila kunitazama. Ndipo alipotokea yule mwanamke wa kanisani. Yeye alikuwa ametegesha miche na vyumba viwili, na mchanga wa cha tatu ulikuwa tayari njiani.

"Shikamoo, dada," alimwamkia Mama. Halafu akanigeukia. "Injinia. Naona umehamia kabisa kwenye eneo. Wanakuja lini?"

Nilimtazama Mama. Mama aliweka ndoo chini.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Leo atasema mambo ya kazi."

Nikasema. Hakuna anayekuja. Zile ni picha za kuuzia mashamba, chokaa ni yangu, na siku ile mlipokuja hapa nilijifanya mtu mkubwa kwa sababu uliniita injinia. Nilisema mpaka na habari ya Kisaka. Yule mwanamke alisikiliza huku tabasamu linapanda, lile lile la kukonyeza.

"Umeambiwa useme hivyo," alisema.

Mama alicheka. Hakikuwa kicheko cha siku ya pasi, kilikuwa kifupi na kikavu, lakini kilikuwa cha kwanza tangu siku hiyo.

"Dada yangu," alisema, "mtazame mikono. Mtu mwenye siri ya fidia anakandika?"

Yule mwanamke alitazama mikono yangu. Udongo ulikuwa umefika viwikoni, mwingine umekauka na kupasuka. Akatazama miguu yangu, akatazama ukuta, akatazama godoro la mtoto lililoanikwa juani. Tabasamu likamtoka polepole. Hakunitukana, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Ule mchanga naweza kuurudisha?"

"Sijui, mama," nilimjibu. "Twende nikusaidie kuongea na mwenye gari."

Nikanawa mikono kwenye ndoo. Mama akayamwaga yale maji machafu kwenye udongo uliobaki, usikauke, akasema nisichelewe huko, ukuta wa nyuma bado haujaguswa.